Haragwe Moja Pungufu

Jumatatu, 8 Novemba 1954

Bado naisikia reli. Si treni. Ni kile kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mkaratusi mbele ya bweni, ambacho mwenzetu Chepkemboi hukigonga kwa nyundo kukiwa na hatari. Alikigonga leo saa tatu asubuhi. Sauti imeniingia kwenye meno na haijatoka.

Hakukuwa na hatari yoyote. Yalikuwa majaribio. Tangu Hali ya Hatari itangazwe, Mis Purvis, mkuu wa chuo chetu cha walimu, hutujaribu kila mwezi. Reli ikilia, wasichana wote arobaini na saba tunakimbilia uwanjani. Lango linafungwa, na halifunguliwi kwa mtu yeyote mpaka idadi yetu ilingane na rejista.

Kuhesabu ndiko kugumu. Mwaka jana Mis Purvis alianza kutunyooshea kidole, moja, mbili, tatu, na nusu yetu tukaketi chini na kufunika nyuso. Watu hawahesabiwi, ni mwiko! Kwetu hata ng'ombe hawahesabiwi, na rafiki yangu Wamaitha alisema kwao Wakikuyu ni hivyo hivyo. Kwa hiyo sasa kila mmoja hutia haragwe moja kwenye sufuria, na Mama Jeruto, matroni wetu, huhesabu maharagwe.

Leo lilipungua moja. Tukatafutana vyooni, jikoni, chini ya vitanda. Muda wa saa mbili nzima juani. Mkaguzi wa elimu akafika na gari lake. Mzee Micah wa langoni akakataa kumfungulia. Mkaguzi akaenda zake. Mwishowe ikajulikana kwamba Chepkemboi, kwa kuringia nyundo, alisahau kutia haragwe lake. Hana hata aibu.

Jumatano, 10 Novemba

Habari mbaya. Ijumaa asubuhi lori la askari linakuja kumchukua Wamaitha. Baba yake alikuwa mfanyakazi kwenye shamba la mzungu kule Kabazi. Sasa familia nzima imepelekwa rizavu, ile ardhi waliyotengewa Wakikuyu, naye lazima aifuate. Amezaliwa Kabazi. Huko rizavu hajafika hata siku moja.

Mtihani wa cheti ni Jumatatu. Miaka miwili ya kusoma naye kwenye dawati moja, na atakosa kwa siku tatu.

Nilikwenda kumwomba Mis Purvis amwache afanye mtihani kwanza. Alisema kwa upole kwamba uamuzi haukuwa wake.

Wamaitha ameanza kufungasha. Anakunja nguo.

Nimepata mpango! Lori lazima liwahi treni ya saa tano mjini, na halirudi huku mpaka wiki ijayo. Kama mkaguzi alifungiwa nje, askari pia watafungiwa. Reli ilie, haragwe moja likosekane, tutafutane mpaka saa tano ipite. Haragwe hilo litakuwa langu.

Mimi ni mwerevu kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 11 Novemba

Chepkemboi huvaa nyundo shingoni kwa kamba, kama medali. Nilimwomba anikabidhi kesho asubuhi tu. Akataka kujua atapata nini. Nikasema nitamfulia blanketi. Akasema blanketi zote mbili, na sketi ya kanisani. Tukapatana.

“Lakini sikiza, dada,” akasema. “Ukikosea, mimi nilikuwa nimelala.”

Nimeshinda bombani mpaka jioni. Wamaitha alipita akitoka ofisini kwa Mis Purvis, walikomtaka atie sahihi karatasi fulani. Alitaka kunieleza. Nikamwambia baadaye, nina kazi. Mpango wangu sikumwambia. Akiujua, uso wake utatufichua.

Vidole vimechubuka.

Ijumaa, 12 Novemba

Lori lilifika langoni saa tatu na robo. Nikagonga. Niligonga vizuri kuliko Chepkemboi. Mis Purvis akatoka mbio akiuliza nimeona nini. Nikasema moshi nyuma ya jikoni. Nyuma ya jikoni kuna moshi siku zote, lakini sheria ni sheria. Mzee Micah akafunga. Askari wakabaki nje, mmoja akitazama saa yake.

Tukapita kwenye sufuria mmoja mmoja. Wamaitha akatia lake. Mimi nikapitisha mkono mtupu, haragwe likiwa chini ya ulimi.

Mama Jeruto akahesabu. Akasema ni arobaini na sita.

Nikangoja kelele.

Mis Purvis akafungua rejista. “Arobaini na sita,” akasema. “Wametimia. Fungueni lango.”

Dakika saba. Hatujawahi kuwa wepesi hivyo. Alitupongeza.

Jina la Wamaitha lilikatwa jana kule ofisini. Hilo ndilo alilotaka kunieleza bombani. Rejista ilikuwa na wasichana arobaini na sita. Kama ningetia haragwe langu, lingezidi moja, na mpaka sasa tungekuwa tunahesabu upya.

Nilimkimbilia nikamweleza yote, kwa pupa, haragwe likiwa bado mdomoni. Alinitazama. Kisha akacheka, mara ya kwanza wiki hii, akacheka mpaka akalazimika kuketi juu ya sanduku lake na kujifuta macho, na akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha.

“Kwa hiyo, Jerop,” akasema, “leo wewe ndiye hukuwapo.”

Askari mmoja alimsaidia kupandisha sanduku. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya.

Jumapili, 14 Novemba

Godoro la kitanda cha Wamaitha limekunjwa. Chepkemboi amechukua nyundo yake na kulalamika kwamba blanketi hazijakauka.

Jumatatu, 15 Novemba

Mtihani ulianza saa mbili. Hesabu, Kiingereza, Ualimu. Chepkemboi alilia kwenye Hesabu. Mimi niliona rahisi.

Kosa la Ijumaa nimelielewa. Nilitegemea rejista ya chuo. Orodha ya mtihani iko Nairobi, ilipelekwa Agosti, na humo Wamaitha bado ni namba thelathini na moja. Nairobi hawatujui kwa sura. Wanajua karatasi tu. Cheti kitamfuata huko huko rizavu. Safari hii nimefikiria kila kitu.

Kwenye karatasi zote tatu niliandika jina lake na namba yake, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto. Langu sikuliandika popote. Mis Purvis alizikusanya bila kuzisoma na kuzifunga kwa lakiri, na Mzee Micah amekwisha kupeleka bahasha posta.