Dakika Tano za Kupeleka Posa Mikumi

Kwako Ndugu Msimamizi wa Ukurasa wa Umbali Kati ya Miji,

Pokea salamu kutoka Kilosa, ambako mimi ni mzima na mpwa wangu bado hana mchumba. Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka ishirini na saba. Sijawahi kukosea tarehe, na majina ya watu nimeyakosea mara mbili tu. Nasema haya ili ujue kwamba silalamiki kwa hasira, nalalamika kwa takwimu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa mshenga wa mpwa wangu Goodhope, anayetaka kumwoa Editha wa Mikumi. Ukoo wa Editha una sharti moja: barua ya posa ifike kabla jua halijapita utosi. Ikichelewa, hurudishwa bila kufunguliwa. Yetu ilifika saa nane na dakika kumi mchana. Imerudi. Goodhope hataki hata chai.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeandika mtandaoni kuwa Kilosa hadi Mikumi ni dakika tano kwa ndege. Dada yangu Verdiana, mama yake Goodhope, alitaka niondoke saa kumi na mbili asubuhi. Nikamsomea ukurasa wenu mbele ya kikao cha ukoo. Akasema, "Beda mdogo wangu, kwani wewe utapita hewani?" Nikamjibu kuwa namba hazibishani na mtu. Nikapiga hesabu: gari la kukodi haliwezi kwenda polepole kuliko ndege kwa zaidi ya mara kumi. Nikaondoka saa nne.

2. Mstari wenu wa kwenye ramani umenyooka. Barabara yetu haina habari hiyo. Hamkuandika tope, wala ng'ombe mia na arobaini niliowahesabu wakivuka, wala dereva aliyesimama kwa kila mkubwa wake. Shikamoo ya huku haitolewi gari likitembea.

3. Hamkusema kuwa ndege yenyewe haipo. Mtu hatangazi muda wa kupika ugali katika nyumba isiyo na jiko.

4. Mlinipa dakika tano, nikatumia mia na kumi. Basi hizo mia na tano zilizozidi ni zenu, si zangu. Naomba mumwandikie Mzee Ulimboka, baba yake Editha, barua yenye mhuri, kwamba kitaalamu mimi nilikuwa Mikumi saa nne na dakika tano. Mkishindwa, leteni ndege.

Nisalimieni wote hapo ofisini, hasa aliyenyoosha mstari. Verdiana naye anawasalimu, ila salamu zake nyingine haziandikiki.

Ni mimi, ninayeheshimu usahihi,
Beda, Kilosa.

Nyongeza: Usahihi huohuo unanilazimisha niseme kwamba mimi nilifika Mikumi saa tano na dakika hamsini, wazee wakiwa bado wameketi. Ila bahasha niliyomkabidhi Mzee Ulimboka ilikuwa na karatasi ya ukurasa wenu, niliyoichapisha ili kumtuliza Verdiana. Mzee aliisoma yote kwa sauti, mpaka kasi ya ndege, kisha akauliza kama kijana wetu anatafuta mke au kiwanja cha ndege. Barua ya posa ilikuwa Kilosa, juu ya friji. Ililetwa na bodaboda. Wametupa Jumamosi nyingine, kwa sharti kwamba mshenga awe Verdiana. Anaondoka Ijumaa.