Boma la Magurudumu Sita

Jumanne, 3 Machi. Soko la Giakanja.

Habari mbaya kabla ya chai. Hezekiah Mugo, muuza ndoo na mabeseni, anagombea uenyekiti wa kamati ya soko. Uchaguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ahadi yake ya kwanza kwa wananchi: kuondoa ile takataka ya kijani pale kona.

Takataka ya kijani ni lori langu. Ndani ya takataka ni mimi.

Miaka sita naegesha kona hiyo. Nazunguka, sikatai. Hapa nanoa visu vya bucha na mikasi ya kupogolea kahawa. Karatina nakaa siku mbili. Mpunga ukiiva nateremka Mwea kunoa miundu. Lakini nikimaliza mizunguko narudi kona yangu, kama mtu yeyote anavyorudi kwake. Kitanda kiko nyuma ya kiti cha dereva, mashine ya kunoa nyuma kabisa, kuku wawili katikati. Mugo anataka kona hiyo apange mabeseni.

Jeniffer wa chai pia anagombea. Amesema akishinda, mimi nibaki. Basi kura yangu ni ya Jeniffer! Nimetangaza mbele ya bucha, kwa sauti. Mugo akacheka mpaka akashika mbavu. Ati niulize kwanza kama niko kwa rejista. Ati kura ni ya wakazi wenye barua ya naibu chifu, si ya watu wa kupita.

Mtu wa kupita! Nimemzidi kijana huyo miaka ishirini. Yeye amenizidi meno tu.

Jumatano, 4 Machi

Nimeenda kwa naibu chifu, Madam Judy Wamae. Nimevaa koti. Fomu yenyewe ni ukurasa mmoja tu, na mimi niliacha shule darasa la nne, maneno ya ofisi hunichanganya, kwa hivyo nikamwomba anisomee.

Jina: Muchiri. Hapo tulielewana. Umri: sabini na moja. Sawa. Boma liko wapi? Nikamwonyesha dirishani, lile pale la kijani. Madam akaweka kalamu chini. Akasema hawezi kuandika boma lenye namba ya gari.

Akajaribu njia nyingine, maana si mama mbaya. Akaniuliza, mzee, ukifa utazikwa wapi? Huku kwetu hilo ndilo swali. Mtu anaweza kulala Nairobi miaka arobaini, lakini kwao ni pale shimo lake litachimbwa. Nikamjibu kwamba sina haraka. Akasema fomu ina haraka.

Shamba la baba kule Kirinyaga ndugu yangu aliliuza akahamia mbinguni. Sasa hata kufa nitafia barabarani, na barabarani watu hawazikwi. Sikumwambia hayo. Nilimwambia nitarudi.

Ijumaa, 6 Machi. Nyeri mjini.

Akili! Makao ni anwani, na anwani ni sanduku la posta. Nimeenda kwa Yogesh wa vyuma, ambaye ameniuzia mawe ya kunolea tangu baba yake akiwa kwa kaunta. Nikamwomba tuseme ninaishi kwa sanduku lake.

Yogesh akanitazama kwa huruma. Akasema, "Muchiri, sanduku hili halitoshi hata bili za stima. Wewe utaweka miguu wapi?" Mama yake, Rasila, akaongeza kutoka nyuma kwamba kama nataka makao nioe. Nikamwuliza kama ana mtu. Wakacheka wote wawili. Nimeondoka na jiwe jipya na bila anwani.

Jumapili, 8 Machi

Jana sikulala vizuri kwa sababu ya akili nyingi. Leo watu wote wakiwa kanisani nimefanya kazi ya siku sita.

Nimetoa magurudumu. Yote sita! Lori limekaa juu ya mawe kama nyumba ya kawaida. Magurudumu nimeyaficha chini ya turubai. Mbele nimepanda sukuma wiki, mashina kumi na moja. Nimeweka geti la fito mbili. Nimefunga kamba nikaanika shati. Upande wa nyuma nimesimamisha choo cha magunia. Shimo bado. Ukichungulia unaona nyasi, lakini ni nani atachungulia choo cha mwenzake?

Jeniffer alipotoka kanisani akasimama getini akapiga hodi. Hodi! Miaka sita hajawahi kunipigia hodi. Nikamkaribisha, nikakosa pa kumkalisha. Akasema nyumba ni nzuri, ila mara ya kwanza anaona boma lenye kioo cha pembeni.

Jumatatu, 9 Machi

Madam Judy amepita, akaona sukuma wiki, akaona geti. Akakuna kichwa. Akasema hawezi kutia sahihi kwa kupita tu. Atakuja rasmi Ijumaa saa nane na faili, akague boma. Akilikuta, ataandika barua.

Akilikuta! Litaenda wapi na halina magurudumu?

Nimenoa visu vya bucha bure, kwa furaha. Nikajikata.

Jumatano, 11 Machi

Mugo amekuja. Nilidhani analeta maneno. Kumbe ameleta maandazi, tena ya Jeniffer. Akaniita guka, yaani babu. Hajawahi kuniita guka.

Shida yake ni hii. Ana wageni wa harusi huko Mwea, watu thelathini na mmoja, na lori alilokodi limeharibika. Nishuke Ijumaa, niwapandishe Jumamosi asubuhi. Nikamwambia nyumba yangu haisafiri. Akasema anajua habari ya barua. Ati Madam Judy ni mdogo wa mke wake. Ati atamwambia atie sahihi bila hata kuja, na kona atasahau habari yake.

Nimemwangalia machoni. Mtu anayekula andazi la mpinzani wake hana hila.

Nikakubali. Jioni nimerudisha magurudumu. Sukuma wiki tatu zimekanyagwa. Jeniffer akaniuliza Ijumaa Madam akija ataona nini. Nikamwambia mambo yamepangwa juu, asijali. Akasema neno juu linamtia wasiwasi. Wanawake na wasiwasi!

Ijumaa, 13 Machi. Mwea.

Joto! Nimevua koti, nikavua sweta, nikabaki na heshima tu. Wageni wa harusi nimewakuta karibu na kinu cha mchele, wanasubiri. Nikawauliza bwana harusi ni nani. Kila mmoja akataja jina tofauti. Bibi mmoja akasema hajaambiwa kama kuna harusi, ameambiwa kuna chakula.

Halafu nikaona karatasi. Kila mtu ana moja, imekunjwa vizuri. Nikaazima ya yule bibi, nikaisoma polepole. Ni barua ya makao! Inasema yeye ni mkazi wa Giakanja, ana boma, ana mwezi wa kuhamia na hata jina la jirani. Muhuri juu. Nikamwuliza boma lake liko upande gani wa soko. Akaniuliza Giakanja iko upande gani wa Nyeri.

Kumbe Mugo ananifanya nibebe kura zake kwa nyumba yangu mwenyewe!

Mtu mwingine angerudi mtupu. Mimi nimefikiria mbele. Nimepanda juu ya tairi nikawahutubia. Nimewaambia habari ya kona, kuku, na Jeniffer. Nikawaahidi kunoa miundu yao yote msimu mzima bila malipo kama wakifika watapanga mlolongo nyuma ya Jeniffer. Maana huko kwetu hakuna karatasi za kura, unasimama tu nyuma ya mtu wako, unahesabiwa.

Wamepiga makofi. Mzee mmoja, Mutuma, ambaye alitoka Meru akaoa huku, akasema kwa niaba ya wote kwamba chakula ni cha Mugo lakini makali ya mundu ni ya mwaka mzima. Wameapa. Kura thelathini na moja za Mugo zinakuja kwa gharama ya Mugo kumwangusha Mugo!

Nimejipongeza kwa soda.

Jumamosi, 14 Machi. Giakanja.

 

Tumeondoka alfajiri. Kufika Karatina watu walikuwa wanapuliza viganja. Kufika Nyeri walikuwa wamekumbatiana chini ya turubai kama vifaranga. Watu wa Mwea wamevaa shati moja na kandambili, na asubuhi yetu ya leo ilikuwa ya kung'ata masikio. Tumeingia sokoni saa tatu.

Nimeegesha pale pale, kona yangu, kwa maringo, ili kila mtu aone nimerudi kwangu. Nikashuka nikachukue barua yangu.

Madam Judy alikuwa mezani na rejista. Akafungua faili. Mugo hakumwambia chochote! Madam alikuja jana saa nane kamili na tepu ya kupimia. Alikuta mawe, sukuma wiki nane na choo kisicho na shimo. Ndiyo, alichungulia. Ameandika, nimesomewa mbele ya watu, kwamba wakati wa ukaguzi nyumba haikuwa nyumbani.

Nikapiga kelele nikamwonyesha wale thelathini na mmoja. Hawa je? Yule bibi alikuwa ndiyo kwanza anamwuliza mtu choo kiko wapi, na yeye ni mkazi! Madam akasema kwa upole kwamba fomu zao zililetwa zimejaa, yeye hujaza rejista kwa fomu. Yangu ina jina na umri.

Basi. Nikaambiwa nisimame kando na watazamaji. Sikujali sana. Nilikuwa na jeshi langu.

Mwalimu mstaafu, Murungi, ndiye msimamizi. Akawapanga wagombea. Mugo akasimama karibu na ukuta wa bucha. Jeniffer akasimama kando ya lori langu, ili watu wajue msimamo wake. Mama wa watu! Murungi akasema akipuliza filimbi ya kwanza watu wajipange, ya pili hakuna kutoka wala kuingia.

Filimbi. Watu wa Mwea wakatembea kuelekea kwa Jeniffer, wakaingia kwenye kivuli cha lori langu. Mutuma, aliyekuwa mbele, akasimama. Akatetemeka. Akaangalia ule ukuta wa bucha. Jua lilikuwa limeupiga wote, ukuta umepata moto, paka wawili wamelala chini yake. Akaniangalia. Akaangalia paka.

Wakaenda juani. Wote thelathini na mmoja. Wakajipanga nyuma ya Mugo, migongo kwa ukuta, macho wamefumba.

Nikamkimbilia Mutuma. Akaniambia, "Mzee, kiapo ni kiapo, lakini pale kwako ni friji. Toa lori, jua lifike, tutarudi."

Ilikuwa haki! Nikaruka kwa usukani. Likakohoa, likanyamaza. Betri ilikuwa imechoka na mlima. Lori langu likikataa linahitaji kusukumwa. Nikaita watu, haraka, sukumeni! Nani atanisaidia mimi sokoni? Watu wa Jeniffer. Wakatoka kwenye mlolongo wanane, wenye nguvu, wakaweka mabega. Lori likaenda hatua mbili. Jua likaanza kuingia, nimeliona kwa macho yangu, likafika kwa viatu vya Jeniffer.

Filimbi ya pili.

Murungi ni mtu wa sheria. Aliyeshika lori ni aliyeshika lori, hayuko mlolongoni. Akahesabu. Mugo, sabini na moja. Jeniffer, sitini na nne.

Watu wanasema ni tofauti ya saba. Mmoja wa wale wanane akaanza kunifanyia hesabu ya kujumlisha. Nikamwambia hesabu niliachia shule.

Jeniffer hakunitukana, hilo ndilo limeniuma. Alipanga vikombe vyake, kimoja kimoja. Akasema, "Guka, Mugo alinipinga kwa mdomo tu. Wewe ulileta lori." Nikamwambia kura yangu ilikuwa yake. Akaniuliza ipi.

Watu wa Mwea wamekula wakashiba. Wamenipungia mikono. Wamesema msimu ukifika nisisahau kuja kunoa.

Jumapili, 15 Machi

Mwenyekiti Mugo amefanya kazi siku ya Bwana. Mabeseni yalikuwa konani kabla ya ibada ya kwanza, ya bluu na ya manjano, yamerundikwa juu ya sukuma wiki zangu. Amenipa nusu saa. Akaniuliza kwa ukarimu nikitoka hapa nitaenda wapi, ili watu wakiniulizia awaelekeze. Nikamwambia awaelekeze barabarani.

Walionisukuma ni wale wanane. Jeniffer hakutoka. Nilipofika lami nikatazama kwa kioo cha pembeni. Alikuwa anamwagia maji kwenye vumbi pale mbele ya kibanda chake, kama kila siku, lakini alikuwa amenipa mgongo.

Macho yamepata vumbi. Nimeendesha na koti nimefunga hadi juu.

Jumanne, 17 Machi. Ruring'u.

Nimeegesha nyuma ya uwanja wa michezo. Mahali pazuri! Kuku wamependa. Bucha ziko tatu, visu vyao butu kama vijiko. Naona hapa ndipo kwangu hasa. Sijui Giakanja nilikuwa nangoja nini.

Tatizo dogo. Wakazi wana kamati ya maji, na kamati ndiyo husema nani aegeshe wapi. Uchaguzi ni mwezi ujao. Kura ni ya wenye barua.

Leo asubuhi nimetoa magurudumu mawili. Manne yaliyobaki kesho, mgongo ukikubali. Sukuma wiki nimeomba miche.

Saa sita amekuja mgombea, bwana mmoja Ngugi, mtu mpole sana, ananiita guka. Ameniletea ndizi. Ana wageni wa ubatizo huko Mwea, watu arobaini, hana usafiri. Amesema habari ya barua nimwachie yeye.

Nimemcheka ndani kwa ndani. Anadhani Muchiri ni mtu wa kudanganywa mara mbili! Nimekunja mikono, nikamwambia usoni kwamba safari hii ni kwa masharti yangu: sitambeba mtu hata mmoja ambaye hana sweta.