Idara ya Sisimizi, Kamukuywa

Serikali ilitangaza kwa fahari kuu kwamba taifa limejaliwa sisimizi. Si hawa wa kuingia kwenye sukari. Huyu alikuwa adimu: huishi ndani ya kiota cha sisimizi wengine, hachimbi, habebi, halei hata watoto wake, na hulishwa mdomoni mpaka afe. Wizara ilimpa cheo cha Mkaazi wa Kimkakati. Mwaka huo wa 2006 ikaundwa Idara ya kumlinda, na Bwana Gikonyo akatolewa Kitale kuja kuiongoza.

Kiota kilikuwa Kamukuywa, uani kwa mjane mmoja aitwaye Jentrix. Gikonyo alikikagua kidogo, akaikagua nyumba kwa makini, akaona ofisi haifai kuwa mbali na kazi. Jentrix akahamia jikoni.

"Sasa mukubwa, mahindi yangu imekauka. Nitavuna lini?"

"Uvunaji umesitishwa kwa sababu za kimazingira. Mgeni asitikiswe."

"Na nyinyi mutakula nini?"

"Kitakachopatikana, mama."

Walipatikana kuku. Walipokwisha yakapatikana maziwa, kisha ndizi, kisha maharagwe ambayo Jentrix aliyaweka ya mbegu. Kemboi, dereva wa Idara, alilala garini kwa bidii. Gikonyo aliwahutubia majirani juu ya kujitolea huku akichokonoa meno, na kila Ijumaa alipiga simu wizarani kusema mradi umenona.

Asubuhi moja chai haikuja. Gikonyo alitoka na ndara, akamkuta Jentrix barabarani, sufuria na godoro juu ya mkokoteni wa ng'ombe.

"Huwezi kuondoka. Wewe ni mdau."

"Nyumba si umechukua? Kaa nayo, bana. Mimi naenda kwa dada yangu Lugulu, mahali naweza pika na nikule."

Gikonyo alisimama pale akiwa na uchungu wa mtoto aliyeachishwa ziwa. Hakuelewa amemkosea nini.

Njaa ilimfundisha kusonga ugali. Wa kwanza uliungua, wa pili ulikuwa uji. Alikuwa amepiga magoti akipuliza moto, machozi yakimtoka kwa moshi, Katibu Mkuu alipoingia uani na msafara wake kutoka Nairobi.

"Nani anapika hapa?"

"Mimi, mheshimiwa. Kwa muda tu."

Katibu alikula, akamaliza, akaramba vidole. Wenzake walikuwa wamekwisha kuvua viatu na kugawana vitanda. Habari za sisimizi hakuna aliyeziuliza.

"Hewa ya huku ni safi," Katibu alisema. "Tutakaa tusimamie wenyewe. Nimempa Kemboi usimamizi wa magari. Wewe tutakuachia Kitengo cha Lishe."

"Mpaka lini, mheshimiwa?"

"Mradi ni endelevu, Gikonyo."

Gikonyo aliinama kuokota vyombo.

"Na kesho," Katibu akaongeza, akifunga mlango, "usiunguze."