Mchumba wa Chausiku

Jumamosi, 3 Desemba 1983

Kidato cha nne kimekwisha. Nimefika Mogitu salama, sanduku zima, godoro limelowa upande mmoja tu. Namshukuru Mungu na dereva.

Aliyenipokea kwa furaha kuliko wote ni Chausiku, mbwa wetu. Alinirukia nikakaa matopeni na gauni la safari. Sikukasirika. Ndiye pekee ninayeweza kuongea naye bila kuangalia vidole vyangu vya miguu.

Habari mbaya wakati wa kula. Juzi fisi aliingia zizini akaondoka na kondoo. Kaka Nikolausi alimulika tochi akamwona Chausiku amekaa pembeni, anatikisa mkia, kama anamkaribisha mgeni. Baba anasema mbwa wa hivyo anakula ugali wa bure. Atampa Gidabuday, mfugaji wa kule bondeni, aende akachunge ng'ombe na kujua maisha. Gidabuday atamfuata kabla ya Krismasi.

Nilitaka kumtetea. Nikafungua mdomo, nikatia tonge. Baba akatutazama mimi na Chausiku, akasema nyumba hii ina mabinti wawili: mmoja hasemi, mwingine habweki. Kaka akacheka hadi Mama akamnyang'anya bakuli la mboga.

Lazima nifanye kitu. Sijui nini.

Jumatatu, 5 Desemba

Nimejua nini.

Asubuhi niliona matone ya damu alipolala Chausiku. Nikadhani ameumia, nikamfunga kitambaa. Mama akakifungua, akasema hajaumia, yuko kwenye joto kama ng'ombe, na nisipoteze vitambaa. Nashukuru kwa kuelezwa. Shuleni sura hiyo ya Baiolojia Sista aliiruka, akasema tutaisoma wenyewe tukiwa watu wazima.

Basi, wazo. Mwaka jana tulipelekwa kutembelea shamba la ngano la serikali. Bwana shamba alituonyesha vitalu vya mbegu. Alisema mavuno yakiwa duni huchomi shamba, unabadilisha mbegu. Niliandika na kupigia mstari. Chausiku ni shamba zuri. Anahitaji mbegu bora.

Na mbegu bora ipo: Meja, mbwa wa getini pale shambani. Aliachwa na fundi Mzungu aliyerudi kwao. Ana kifua kama mlango. Baba akipita pale huvua kofia, anasema ni kwa sababu ya mlinzi, Mzee Gervasi, lakini namwona anamwangalia nani. Baba akisikia kwamba watoto wa Meja watazaliwa nyumbani kwake, hawezi kumtoa Chausiku. Hata akikasirika, hatampa mtu mbwa mwenye mimba.

Kilichobaki ni kumwomba Mzee Gervasi tu.

Jumatatu hiyo hiyo, jioni

Nimetoka kumwomba Mzee Gervasi.

Nilimsalimia shikamoo. Akaitika marahaba, akauliza hali ya Baba. Nikasema hajambo. Akauliza ya Mama. Nikasema hajambo. Kisha akanisubiri. Meja naye ananisubiri. Nikaona ile sentensi niliyoifanyia mazoezi njia nzima haifai kusemwa na msichana mbele ya mzee wa kanisa. Nikamsalimia shikamoo tena. Akaitika tena, polepole zaidi. Nikamwomba pumba za ngano.

Alinijazia gunia. Mzee mkarimu sana. Nimelibeba kichwani hadi nyumbani, shingo imeingia mabegani. Njiani nikakutana na Fransiska, tuliyesoma naye darasa moja, ambaye haogopi mtu. Alishasikia habari ya fisi. Akaniambia Chausiku angepata kazi ya mapokezi hotelini Arusha. Nilifikiria jibu zuri sana, lakini lilikuja nilipofika kwetu.

Chausiku anazipenda pumba. Siyo hasara tupu.

Jumanne, 6 Desemba

Nimemwomba Kaka Nikolausi anisemee. Amesema yeye ni dereva wa trekta, siyo mshenga wa mbwa.

Nikaamua kwenda na Chausiku mwenyewe, nimemfunga kamba, ili macho yaeleze. Yalieleza. Mzee Gervasi alimtazama, akanitazama, akasema, "Kumbe jana ulileta posa, mwanangu, ukaondoka na pumba?" Nilijifunika uso wote kwa kanga. Akacheka kwa upole, akamfungulia Meja mnyororo.

Meja alikuja kwa heshima. Chausiku akamng'ata sikio. Meja akapiga kelele iliyowatoa makarani ofisini, akaingia chini ya tela, akakataa kutoka. Chausiku alibweka mara moja, kitu ambacho hakuwahi kufanya mbele ya fisi. Yote haya niliyaona kupitia nyuzi za kanga.

Mzee Gervasi akasema, "Bado huyu. Mrudishe wiki ijayo." Nikajua ni maneno ya kumuaga mgeni, kama tunavyosema karibu tena, na mtu mwenye adabu harudi kweli kuwasumbua watu. Nikamwambia asante sana, nikamshika Chausiku, tukaondoka haraka.

Kwa hiyo imefanyika. Sikutegemea kwamba ingekuwa na kelele kiasi kile, lakini ndiyo maana Sista aliruka.

Jioni nilimwambia Mama, Mama akamwambia Baba. Baba alisimama katikati ya kunywa chai. Akauliza, Meja yule? Akakaa. Akasema Gidabuday atangoja hadi mbwa azae, kisha yeye Baba ataangalia watoto wakoje, na mama yao ataondoka hata hivyo, maana ng'ombe wanaohama hawasubiri.

Nusu ya ushindi. Nashukuru kwa nusu.

Jumatano, 7 Desemba

Sasa kulinda mbegu. Bwana shamba alisema kitalu cha mbegu lazima kizungukwe na ukanda mtupu, ili ngano nyingine isichanganyike nayo. Nimemtia Chausiku katika banda la zana. Nje nimefyeka majani pande zote, nikamwaga majivu, nikaweka miiba. Ndani ana gunia kavu, maji safi, ugali na mtindi. Nimemtoa kupe wote masikioni, nikamchana kwa kitana changu cha zamani.

Kaka aliuliza kama napanda mbwa kwa mistari au kwa kutawanya. Nilikuwa na kazi.

Jumapili, 11 Desemba

Madume ya Mogitu nzima yamehamia kwetu. Yanalala nje ya ukanda, yanalia kama kwaya isiyo na mwalimu. Baba alikwenda kanisani macho mekundu. Nimeyafukuza kwa ufagio.

Mmoja tu haondoki. Ni Rungu, mbwa wa Gidabuday, rangi ya vumbi, masikio ya kulala. Hapigi kelele wala hagombani. Anakaa pale kwenye mpaka wa majivu na kungoja. Nimeona wivu siyo mzuri, nikampa ukoko. Pengine amekuja kutoa pongezi.

Alhamisi, 15 Desemba

Damu imekauka. Hatari imekwisha. Nimemfungulia Chausiku apunge hewa, maana amekaa ndani kama mzazi, na mwenye mimba anahitaji kutembea.

Alitoka mbio na Rungu. Wamerudi jioni, yeye amejaa matete mgongoni na ametulia kabisa. Nimeshukuru sana kwamba Rungu alimsindikiza hadi mlangoni. Fisi ni wengi. Nimempa ukoko mwingine.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Tumechinja kondoo mwingine kabla fisi hajamchagua. Baada ya misa Baba aliwaambia wanaume wote uwanjani kwamba anatarajia mbwa wa kipolisi. Ameshawapa majina: Sajini, Koplo na Luteni. Nimefurahi, tena nimeogopa kidogo.

Fransiska aliuliza mbele ya watu kama nimemwona bwana harusi kwa macho yangu. Nikasema ndiyo. Sikusema kwamba ilikuwa kupitia kanga.

Ijumaa, 20 Januari 1984

Tumbo limeanza kuonekana. Kaka anasema ni pumba. Mama ameligusa, anasema siyo pumba.

Bwana mifugo alikuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Nilitaka kumuuliza kama ni salama kwa mwenye mimba. Nikamuuliza barabara ya Gitting ikoje. Akasema ina matope. Bahati nzuri Mama alikuwapo akauliza yeye. Bwana mifugo akasema Chausiku anaonekana mzima, atamchanja akishamaliza kunyonyesha. Nashukuru kuwa na mama.

Jumapili, 12 Februari

Bado. Kwa hesabu yangu Chausiku alipaswa kuzaa wiki iliyopita. Kaka amehesabu kwa vidole, akacheka peke yake, akakataa kusema kinachomchekesha. Nimemweleza kwamba watoto wa mbwa wakubwa huchukua muda zaidi kwa sababu ya mifupa. Akasema, "Ndiyo, dada, mifupa."

Gidabuday amepita. Nilimwamkia. Amemwambia Baba anahamisha ng'ombe mwisho wa mwezi, kamba anayo. Baba akamjibu watoto watabaki, mama ataondoka. Nimeshindwa kula. Nani atawanyonyesha hao akina Sajini, Baba hajafikiria. Nilitaka kumwambia. Nikaenda kukata majani ya ng'ombe ambayo hayakuhitajika.

Ijumaa, 17 Februari

Wamezaliwa! Alikataa banda langu na gunia langu, akachimba chini ya kichanja cha mahindi. Watoto watano. Aliwalamba mmoja mmoja mpaka wakalia. Mama alinizuia kuwashika, akasema mzazi huachwa peke yake na wanawe. Nikampelekea uji wa vuguvugu, akanywa sufuria nzima.

Mama yao ni mweusi. Meja ni mweusi na kahawia. Watoto wote wana rangi ya vumbi, masikio yamelala.

Baba alichuchumaa akawaangalia kwa muda mrefu. Akauliza yupi ni Sajini. Nikasema rangi ni ya ngano, kwa sababu ya pumba, na masikio yatasimama wakikua. Kaka alikwenda nyuma ya nyumba. Baba akasema afadhali, basi, huyu mama yao aende tu, na watoto wamfuate.

Sijalia mbele yake.

Jumamosi, 25 Februari

Siku kubwa. Niandike polepole.

Saa nne asubuhi Gidabuday alikuja na kamba. Baba akampeleka kwenye kichanja, akamwambia mbwa mwenyewe hana shida, anaweza kumshika kama kondoo. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijikaza, nikasema, "Baba." Hilo tu ndilo lililotoka. Baba akasema, "Subiri, mama." Akainama kumtoa mtoto mmoja amwonyeshe mgeni.

Chausiku alitoka kule chini na meno yote nje. Sijawahi kujua ana meno mengi vile. Baba alipanda kichanja kwa mguu mmoja. Gidabuday, mtu mzima anayeheshimiwa, alikuwa juu kabla yake. Kamba ikabaki chini na kofia ya Baba. Chausiku akaikalia kofia.

Wakakaa juu ya mahindi. Kila mguu ukishuka, anabweka. Alibweka leo kuliko miaka yote. Mama alitoka jikoni, akaona, akamuuliza Baba kama awapelekee chai huko huko. Baba akasema siyo jambo la mzaha, Mama Niko. Kisha akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Hivi fisi angepita hapa leo?"

Gidabuday akasema fisi asingepita, na kwamba yeye mwenyewe hamtaki tena mbwa huyu hata akiongezewa ndama, maana ng'ombe wake wanahitaji kufika salama waendako. Akawatazama watoto kutoka juu, akacheka sana, akasema hao ni watoto wa Rungu, hata kipofu angejua. Jua lilikuwa kali na hakuwa na kitu kichwani, maskini.

Baba hakubishana. Aliniita kwa jina langu lote, Imakulata, mbona umesimama, zungumza na mwenzako atushushe. Nikaenda. Nilimwambia Chausiku basi, mama, hao ni watu wetu. Nilisema kwa sauti, mbele ya mgeni, na sikuangalia vidole. Akanilamba mkono, akarudi kwa wanawe.

Baba alishuka, akapangusa kofia yake, akasema mbwa huyu haendi popote. Apewe ugali kamili, na maziwa. Gidabuday akaomba mtoto mmoja dume wakiachishwa, akasema kwa huyo ng'ombe watasubiri. Baba akampa, na wakapeana mikono.

Namshukuru Mungu, Baba, Mama, Gidabuday na kichanja. Zaidi ya wote namshukuru Meja. Ukali ule unatoka kwake, umeingia kwa Chausiku kupitia watoto.

Jumapili, 26 Februari

Baada ya misa Mzee Gervasi aliniita. Nikamwamkia. Akasema alinisubiri wiki ile ya Desemba na wiki iliyofuata, mbona sikumrudisha Chausiku. Kumbe mzee huyu ana adabu kiasi cha kuendeleza maneno ya kuaga hadi leo. Nikamwambia asante, na safari nyingine nitakuja. Akanitazama sana. Nikamwomba pumba.

Fransiska alinifuata njiani. Malkia, mbwa wao, ameanza kutoka damu asubuhi ya leo, na baba yake anataka watoto kama wetu, wenye mama mkali. Hakunitania. Aliomba nimweleze nilivyofanya.

Nilimweleza yote bila kigugumizi, kama mwalimu. Ampeleke kwa Meja leo leo, damu ikiwa mbichi. Akisikia kelele asishtuke, ndiyo yenyewe. Mzee akisema mrudishe, ashukuru tu asirudi. Kisha ukanda wa majivu, ufagio, uangalifu mkubwa. Na damu ikikauka kabisa amfungulie akatembee, ikiwezekana na Rungu, kwa sababu ni msindikizaji mzuri na Gidabuday hajaondoka bado.