Pumziko la Adhuhuri Kwenye Shimo la Ulanga

Jumatatu, 7 Oktoba 1912

Nimekabidhiwa nyundo! Yakobo, nyapara mkuu, ameteremka Mkuyuni kutafuta vibarua wapya. Bwana Miwani, Mdachi mwenye machimbo haya ya ulanga, yale mawe yanayometa kama kioo, akaniita mbele ya watu wote. Stambuli, akasema, utagonga chuma wewe.

Chuma chenyewe ni kipande cha reli kilichotundikwa juu ya shimo. Kikilia alfajiri, kazi. Kikilia adhuhuri, watu wanatoka, wanakula, wanajinyoosha. Kikilia jioni, nyumbani.

Yakobo amekigonga siku zote bila kuwaza lolote. Mimi nimewaza hata uji haujapoa. Mwenye chuma ndiye mwenye siku! Pumziko likichelewa, ulanga utaongezeka. Bwana ataona. Yakobo akirudi, atakuta unyapara mkuu umeshapata mwenyewe.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimechelewesha. Jua lilishapita utosini, mimi nimekaa tu, nyundo mapajani. Chini shimoni wakawa wanatazama juu kama vifaranga.

Akapanda Andrea, mtu mzima wa upande wa Mgeta. Kofia mkononi. Akasema kwa adabu kwamba walipoandikishwa bomani waliambiwa adhuhuri ni yao, na kazi ya kupita magharibi ina malipo yake mbali. Nikamjibu kwamba jua la milimani hupanda polepole. Akanitazama sana. Akashuka.

Jioni Bwana akaona rundo la ulanga, akanipa sigara. Sivuti. Nimeichomeka sikioni, kila mtu aione.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo sikugonga adhuhuri kabisa. Nimewatangazia kwamba pumziko limeunganishwa na usingizi wa usiku, ili liwe refu. Hakuna aliyecheka. Jioni nayo nikaisogeza mpaka giza likaanza kuingia. Mosi, kijana mwenye nguvu kuliko wote, amesinzia wima, sururu mkononi.

Nimemwomba Bwana kiboko cha kuchapia. Amesema tutaona. Si haba.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sijui niandikeje.

Udongo umeporomoka. Watu walikuwa wamechoka, hawakuegemeza magogo ukutani kama ilivyo desturi, na Andrea ndiye aliyekuwa chini. Nilisikia kwanza sauti ya Bernadeta, mkewe, anayechambua ulanga bandani. Aliita jina la mumewe mara moja tu, kisha akaanza kufukua kwa mikono. Sote tukafukua. Mimi pia. Kucha zangu zimetoka damu; naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Tumemtoa mzima, ila mguu umepondeka kuanzia gotini. Tulipombeba machelani kumpeleka misheni, aliomba maji. Asubuhi pia aliyaomba. Nilimwambia angoje chuma.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimegonga alfajiri. Hakuna aliyeinuka. Nikagonga tena, kwa nguvu. Wamekaa ukingoni mwa shimo, wanaume kwa wanawake, mikono magotini. Hawatukani, hawakimbii. Wamekaa. Bwana akapiga kelele mpaka miwani ikaanguka. Wakaiokota, wakampa kwa mikono miwili, wakakaa tena.

Bernadeta akarudi kutoka misheni, nguo ingali na udongo. Akasimama mbele yangu. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akaniuliza taratibu: “Bwana Stambuli, nyundo ilikuwa mkononi mwako. Ilikuwa nzito?”

Nikaitazama. Ni nyundo ndogo.

Mchana akafika Yakobo na vibarua wake wapya. Nikajua sasa atawainua hawa kwa fimbo, apate sifa yeye. Akawasikiliza. Akatua mzigo, akamchukua Mosi, wakashika njia ya Morogoro kwenda bomani, hata maji hakunywa. Vibarua wapya nao wakakaa.

Msikitini sikwenda. Nimesema naumwa tumbo.

Jumanne, 15 Oktoba

Amekuja Mdachi wa serikali, yule anayesikiliza mashauri ya vibarua. Akauliza mmoja mmoja, hata wanawake wa bandani. Wote wakasema neno lile lile, na hawakuonekana kulipanga.

Ilipofika zamu yangu nilisema chuma kina ufa, hakitoi sauti. Akaamuru kigongwe. Mlio ukashuka bonde zima, mbwa wa ng'ambo wakajibu. Nikasema basi, masikio yangu ndiyo mabovu. Akaninong'oneza kitu. Nikasema: “Naam?” kabla ya kukumbuka kwamba sisikii.

Bwana Miwani naye akasema hakuniamuru. Maskini mimi! Lakini yule wa serikali akamjibu kwa Kiswahili, wote wasikie, kwamba anayepokea ulanga hupokea na lawama. Adhuhuri ni ya vibarua, ndiyo sheria. Jioni zilizopitiliza zitalipwa. Andrea atatibiwa na kulishwa na machimbo mpaka asimame.

Wanawake wakapiga vigelegele. Bernadeta hakupiga. Akauliza, na asiposimama? Yule Mdachi akaangalia viatu vyake, kisha akasema basi atalishwa maisha yake yote. Bernadeta akamwambia alirudie neno hilo kwa sauti. Akalirudia.

Nyundo imerudi kwa Yakobo. Mimi nimepewa sururu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimechimba tangu alfajiri. Viganja vimetoka malengelenge, mgongo si wangu tena. Mosi alinionyesha namna ya kushika mpini, sikumwomba. Adhuhuri chuma kikalia, na machozi yakanitoka. Sikujua kinalia vizuri hivyo! Nikala muhogo, nikalala chali chini ya mkuyu pamoja na wenzangu. Hakuna aliyenifukuza. Nikafikiri: kumbe hii ndiyo haki yenyewe.

Kisha nikaona kasoro. Kivuli cha mkuyu hakitoshi. Watu wanalala ovyo, wengine kivulini muda wote, wengine juani. Pumziko hili halina mpango hata kidogo. Linahitaji nyapara wake, mtu aliyesoma, wa kuonyesha nani alale wapi na ageuke lini.

Nimekwenda kumweleza Bwana. Hajajibu. Lakini hakukataa!