Uji wa Kunipeleka Usenge

Jumatatu, 9 Juni

Mafunzo yameanza hapa Kisumu. Sisi ni watafiti chipukizi. Tunajifunza kutafuta njia bora za kuwatunza wajawazito na waliojifungua majuzi wanaopambana na pombe. Mkufunzi wetu, Daktari Dorca, anasema wengi huikwepa kliniki kwa kuogopa kusutwa. Kila mmoja wetu kapewa mama mmoja wa kumsikiliza. Ambaye mama yake atarudi Alhamisi kwa hiari, ndiye atakayeongoza utafiti kule Usenge, mji ulio kando ya ziwa. Kuongoza! Mimi, Wechuli! Na samaki wabichi kila siku! Nimepewa Benta wa mtaa wa Obunga, mwenye kichanga mgongoni. Aliacha pombe akiwa mjamzito na anaogopa kuirudia. Nabalayo, mshindani wangu tangu tukiwa chuoni Maseno, kapewa mama asiyefungua mdomo. Pole yake.

Jumanne, 10 Juni

Nabalayo kashinda ameketi na mama yake, kimya. Huo nao ni utafiti? Mimi nina mpango. Kwetu Bungoma huendi kumwona mzazi mikono mitupu. Unampelekea uji wa wimbi, tena uliochacha kidogo, ili maziwa yaje. Nimenunua unga Obunga. Mama muuzaji aliuliza kama ni wa kupika au wa shughuli nyingine. Nikamwambia anipe ule wanaoupenda watu. Akacheka, akanipimia uliojaa kimea, akasema huo unagombaniwa. Nimeukoroga kwenye jerikeni kwa maji ya vuguvugu na kukaza kifuniko. Nabalayo ajiandae kunibebea mkoba.

Jumatano, 11 Juni

Aibu! Jerikeni lilipigwa na jua dirishani asubuhi nzima. Kina mama walipoketi, nikaanza hotuba fupi kuhusu lishe. Kifuniko kikaruka hadi mapajani mwa Daktari Dorca. Povu likafuata. Kisha harufu: pombe ya busaa kamili, chumba kizima. Watu walicheka. Benta hakucheka. Alikaza leso ya mtoto mgongoni, akaniambia polepole, "Daktari, hiyo harufu ndiyo nilikimbia nikakuja hapa. Sasa wewe umeniwekea kwa meza?"

Akaenda zake. Nilimfuata hadi langoni na kikombe mkononi, nikimweleza kwamba ni uji tu. Daktari Dorca aliniambia nirudi niketi. Nimeketi. Nina hofu, na si ya kuikosa Usenge peke yake. Akinywa leo, mimi ndiye niliyemsukuma.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesimama langoni tangu alfajiri. Benta amekuja! Ila amekuja na Nabalayo. Kumbe huyo Nabalayo alikwenda kwake jana jioni na kipande cha sabuni, hakumkuta, akaketi mlangoni kumsubiri. Benta mwenyewe ametusimulia. Alikuwa amefika kwa wauza pombe ya chang'aa, mkono uko kwenye pazia la mlango, mtoto akalia. Akageuka. Alipofika nyumbani akamkuta mgeni amekwisha kuanua nepi za mtoto na kuzikunja, na hakuulizwa alikotoka. Hapo ndipo alipolia.

Nami nimelia, tena mbele ya watu. Nilimwomba Benta msamaha. Akasema yameisha, ila nisimpikie tena. Usenge kaipata Nabalayo, maana ndiye aliyemrudisha Benta. Sikubisha. Mimi ni msaidizi wake, na nimeapa kwamba kuanzia sasa nitafikiri kwanza.

Ijumaa, 13 Juni

Nabalayo kanituma Usenge nitafute chumba cha kukutania na kina mama: penye kivuli, viti na utulivu, mahali ambapo hakuna mtu atakayewatilia shaka. Nimepata kabla ya chakula cha mchana! Bure kabisa! Viti vya kutosha, feni inazunguka, upepo wa ziwa unaingia moja kwa moja. Asubuhi hakuna mteja hata mmoja. Mwenye baa, Bwana Sydney, ni muungwana sana. Nilipomweleza kina mama wetu ni akina nani, mwenyewe akajitolea kuondoa kreti zote za chupa.

Zile tupu.