Kuambiwa Sipo Wakati Nipo

Kornel Kimaro, Fundi Saa,
Barazani, mkabala na Mgahawa wa Tulizana,
Moshi.

Kwa Bi. Ummy Swaleh,
Mwenye Mgahawa wa Tulizana,
Moshi.

YAH: KUAMBIWA SIPO WAKATI NIPO

Bi. Ummy,

Natumaini barua hii inakukuta salama, pamoja na mpwa wako Hadija na wapishi wote. Mimi ni mzima, ingawa kwa mujibu wa simu ya Hadija jambo hilo bado halijathibitishwa.

Unanifahamu. Kwa miaka kumi na moja nimeiacha meza yangu ya saa kila asubuhi, nikavuka barabara, nikakaa kwenye kiti chako cha dirishani, nikala chapati moja na bakuli moja la mtori wako wa ndizi na nyama. Nilikipenda kiti kile kwa sababu mteja akisimama kwenye meza yangu namwona. Muda wote huo sikukuandikia barua kwa kuwa sikuwa na neno. Sasa ninayo manne.

1. Kiti. Mwezi wa nne Hadija alirudi kutoka Dar na programu ya simu inayoitwa Nipohapa. Alinieleza kwa adabu namna inavyofanya kazi. Mtu akifika mahali anabonyeza, na simu inawatangazia rafiki zake wote kwamba yuko pale. Anayebonyeza mara nyingi kuliko wenzake kwa mwezi anaitwa Mwenyeji, jina lake linaandikwa ubaoni na anapewa kiti maalumu. "Siku hizi biashara inajulikana hivi, babu," alisema. Nikampongeza. Sikujua kwamba kiti maalumu ni changu.

Mwenyeji wa kwanza ametokea kuwa Shedrack, dereva wa bajaji. Sina ugomvi naye, ni mtu mchapakazi mwenye familia. Lakini mgahawa wako anaujua kwa nje tu. Anasimamisha bajaji mlangoni, ananyoosha mkono wenye simu, anabonyeza, anawahi abiria. Nilimuuliza kama amewahi hata kuonja mtori wako. Akanijibu, "Mzee wangu, mtori unanisumbua tumbo." Huyo ndiye Mwenyeji wa nyumba ya mtori. Kiti sasa kina mto mwekundu wenye jina lake, na tangu kiwekewe mto hakijakaliwa na mtu, kwa sababu mwenyewe yuko barabarani na sisi wengine tumekatazwa.

2. Kutokuwepo kwangu. Nilimwendea Hadija kudai haki, nikamtajia miaka yangu kumi na moja. Akafungua simu, akatafuta jina langu kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, kama mtu anayeleta habari mbaya, "Babu, mfumo unasema hujawahi kufika hapa."

Nilikuwa nimesimama mbele yake, bakuli mkononi.

"Huyu unayeongea naye ni nani?"

"Mimi nakuona, babu. Mfumo ndio haukuoni. Una simu gani?"

Nikamwonyesha kitochi changu cha vitufe. Akakigeuza mbele na nyuma, akanirudishia. Bi. Ummy, mimi saa ya mtu nikiifungua naona kinachoisumbua, hata kiwe chembe ya vumbi. Hiyo simu yenu ilifunguliwa mbele ya mtu mwenye kilo themanini na isimwone. Ingekuwa fundi, ningeifukuza kazi.

3. Mlima. Humo kwenye Nipohapa Hadija ameandika kwamba kwenu mtu anakula huku akiutazama mlima. Wewe na mimi tunajua kwamba kutoka meza zako zote kinachoonekana ni ukuta wa ghala la saruji. Jumapili moja ilikuja familia kutoka Kwa Sadala, wamevaa vizuri, wakaniuliza mimi mlima uko wapi, kwa kuwa nilikuwa mtu mzima pekee mle ndani. Nikawaonyesha ukuta. Baba wa familia akanitazama kama mimi ndiye niliyeuficha.

Badala ya kufuta uongo ule mlileta mchoraji, akauchora mlima ukutani kwa rangi ya mafuta. Ameweka kilele cha Mawenzi kushoto na cha Kibo kulia. Mlima unakaa hivyo ukiutazama kutoka Kenya. Nilipomweleza alinijibu, "Mzee, sogea kidogo, unaziba Kibo." Leo watu wanapanga foleni kupiga picha pale, wanabonyeza, na kuwatangazia ndugu zao kwamba wako Moshi, huku nyuma yao kuna ushahidi kwamba wamevuka mpaka bila hati ya kusafiria.

4. Msiba. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Mwezi wa sita tulimzika rafiki yangu Basili, kule Kibosho, mkulima wa kahawa ambaye ulimfahamu kwa kicheko chake. Waombolezaji kutoka mjini walifika nyumbani kwake wakabonyeza, kwa mazoea waliyoyapata kwako. Nipohapa haiulizi kuna nini. Ikaona watu wengi, ikapaorodhesha kuwa mahali pa kutembelewa. Shedrack alikuwa anapandisha waombolezaji kwa bajaji yake, safari sita kwa siku, na kila akifika alibonyeza. Siku ya tatu, padre akiwa bado anasoma, simu yake ikalia. Ilikuwa inampongeza kwa kuwa Mwenyeji wa msiba.

Mjane, Violet, hakuwamo kabisa kwenye orodha. Siku zote tatu alikuwa chumbani na akina mama, hajui hata simu yake iko wapi. Kwa hiyo kwa mujibu wa mfumo wenu Basili alizikwa mkewe akiwa hayupo. Basili mwenyewe naye hakuonekana, na hapo tu ndipo sikuwa na la kubisha.

Kutokana na hayo yote naomba mambo mawili.

La kwanza, nipewe hati yenye mhuri wa mgahawa inayothibitisha kwamba kwa miaka kumi na moja sijawahi kufika kwako. Mke wangu Flavia amekuwa akinilaumu miaka yote hiyo kwamba nalidharau jiko lake na kukimbilia lako. Nitaiweka hati kwenye fremu na kuisimamisha mezani, aone alivyokuwa akinionea.

La pili, wanaokuja kwa kubonyeza wahudumiwe kwa kubonyeza. Shedrack akifika mlangoni, mhudumu atoke na bakuli, amwonyeshe mtori, kisha alirudishe ndani. Asipungukiwe na chochote anachostahili Mwenyeji.

Haya yasipotekelezwa, sitavuka tena barabara. Na nisikufiche sababu yenyewe. Mtori naweza kupikiwa nyumbani, na chapati pia. Nilichokuwa nikikifuata ni wewe kusimama kando ya kiti kile na kuniuliza, "Kornel, umelala salama?" kisha ukangoja nijibu. Tangu mwezi wa nne hujaniuliza. Asubuhi moja ulinipita na kuniuliza kama nimebonyeza. Nilirudi mezani kwangu nikakaa na saa ya mtu mkononi mpaka mchana, na sikuifungua.

Nisalimie wapishi, hasa Elisifa wa chapati. Msalimie mchoraji, mwambie Kenya tunaisalimu pia. Msalimie Hadija, ambaye simchukii. Na Shedrack, siku akiingia ndani, mpe salamu zangu na umwelekeze mahali pa kunawia mikono.

Ni mimi, ambaye sijawahi kufika kwako,

Kornel Kimaro

Nyongeza: Barua hii niliifunga Jumanne, na leo ni Jumamosi. Nimekosa nafasi ya kuileta kwa sababu ya watu. Tangu Jumatano wamenijia tisa, wote na saa za kweli, za kufungua na kusafisha. Mwaka mzima uliopita sikupata tisa. Nilikuwa mtu wa kubadilisha betri.

Wa mwisho ni mwalimu mmoja, Yoramu, aliyetoka Mkuu, Rombo, na saa ya ukutani ya marehemu baba yake ameifunga kwa kanga. Nilimuuliza nani amemwelekeza. Akanionyesha simu yake. Imeandikwa humo: Fundi Saa Kornel, mkabala na Mgahawa wa Tulizana, anatengeneza hata zilizokatiwa tamaa. Hadija ameniweka bila kuniuliza. Yoramu alikaa kwenye benchi langu mpaka saa ya baba yake ilipogonga mara ya kwanza baada ya miaka minane, akageukia barabarani ili nisimwone akifuta macho. Kisha akatoa simu akabonyeza, na mimi sikumkataza.

Kwa hiyo lalamiko la kwanza mpaka la nne uyahesabu kama sijayaandika, na hati usiigonge mhuri. Lakini mwambie Hadija kwamba picha yangu aliyoiweka humo nimesinzia. Aje Jumatatu saa nne asubuhi anipige nyingine. Nitakuwa nimevaa koti.